Beseni moja la uyoga, sura tano: kabla hamjamtukana yule mama someni huu uzi

MwanaIfunda

Kamwene wakuu. Naandika nikiwa na hasira kidogo ila ntajitahidi nisitukane mtu.

Juzi kwenye grupu letu la ukoo la WhatsApp mtu karusha picha ya beseni la uyoga alionunua barabarani huku kwetu Iringa, barabara kuu hii ya kwenda Mafinga, akaandika "huyu mama anataka kuua watu, kachanganya uyoga aina tano humu". Basi ikawa vita. Mmoja anasema arudi akadai hela yake, mwingine ndo maana yeye hanunuagi vitu vya barabarani, mwingine (huyu ni mjomba, yuko Dar miaka ishirini na uyoga anaujua wa kwenye pakiti) anasema apelekwe polisi kabisa. Nikaikuza ile picha. Humo ndani kuna wa njano iliyokolea kama kiini cha yai la kienyeji, kuna wa njano mpauko, kuna mmoja unakaribia kuwa mweupe, kuna vidogo vya duara kama vifungo vya koti, halafu kuna mijitu iliyofunguka hadi kingo zimepinda juu kama mwavuli uliogeuzwa na upepo. Nikacheka peke yangu. Wakuu, ule wote ni uyoga mmoja. Wisogolo. Nimeula tangu sijaota magego.

Sasa ngoja niwaeleze kwa nini uyoga mmoja unakuwa na sura nyingi namna hiyo, maana naona watu wengi mnadhani uyoga ni kama soda, kila chupa lazima ifanane na mwenzake.

Kwanza mjue mnachokichuma ni tunda tu. Uyoga wenyewe uko chini, ni nyuzi nyeupe nyembamba kama utando wa buibui, na hawa wa porini kwetu wengi nyuzi zao zimejisokota kwenye mizizi ya miombo na mikusu, mti unaupa uyoga sukari na uyoga unauletea mti maji na madini, hasa fosforasi. Ndo maana shangazi yangu akiingia porini haangalii chini kwanza, anaangalia juu, anatafuta mti. Mvua zikishakolea kuanzia Desemba hivi zile nyuzi zinatoa matunda. Na tunda ni tunda, chukua mwembe mmoja tu hapo uani kwako, embe la upande wa jua lina shavu jekundu, la ndani kwenye majani ni kijani tupu, lililobanwa na tawi limepinda, na hakuna mtu anayesema mwembe umechanganya aina tatu.

Kwa uyoga jua na mvua vinafanya kazi kuliko kwa embe. Njano ya wisogolo inatokana na rangi za ukoo uleule wa rangi ya karoti, ukipigwa na jua siku mbili tatu unapauka, ukinyeshewa sana unapauka zaidi, uliojificha chini ya majani makavu unabaki umekolea. Kuna na ule mwingine wa kofia nyekundu shina jeupe linalokatika kama chaki, mnaujua, ukiuokota asubuhi baada ya usiku mkavu ni mwekundu kama mdomo wa bi harusi, mvua kubwa ikipiga rangi inaoshwa kweli kweli unabaki pinki, baadaye kama umepakwa unga. Nimewahi kuikuta hiyo chini ya mti mmoja, mwekundu huku, pinki kule, na mmoja nusu kwa nusu, upande uliofunikwa na jani ni mwekundu na alama ya jani imebaki pale juu kama picha.

Umri nao. Uyoga mchanga na mzee wa aina moja ni kama kifaranga na jogoo. Ukubwa ndo usiseme. Kwa hawa wa kichuguu, wanaolimwa na mchwa kule ndani, kuna wa Zambia hapo ukivuka tu Tunduma ambao kofia yake inafika mita moja, mtoto anajikinga mvua, wataalamu wameupa jina la Termitomyces titanicus mwaka 1980, na ndugu yake wa ukoo huohuo ana kofia ya sentimita moja au mbili anatoka mamia kwa mamia kama mtu kamwaga bisi. Na hata wa aina moja mkia wake wa chini unatofautiana, nyumba ya mchwa ikiwa chini sana mkia unakuwa mrefu ukichimba unachoka, ikiwa karibu ni mfupi. Kitu ambacho hakibadiliki sana ni ile ncha ngumu katikati ya kofia, ndo inayotoboa udongo.

Kwa hiyo ndugu zangu rangi peke yake haikuambii kitu. Ntaendelea, natoa ng'ombe kwanza.

Dereva_Tunduma

Mkuu umeandika vizuri ila watu watakufa kwa uzi wako huu. Mimi najua dawa, bibi yangu alikuwa anachemsha uyoga na kitunguu saumu na kijiko cha fedha, kikigeuka cheusi ni sumu. Na ukiona konokono kautafuna jua ni salama. Hizo ndo njia.

KiaziMviringo

Ukiona mweupe kula, wenye rangi acha. Tumekua hivyo Njombe na tuko hai.

MwanaIfunda

@Dereva_Tunduma kaka nakuheshimu na bibi yako namheshimu zaidi ila hicho kijiko kitakuzika. Sumu ya ule uyoga mbaya kuliko wote haigusani na fedha wala kitunguu saumu. Kuchemsha haiondoki, kukausha haiondoki. Na konokono anautafuna vizuri tu halafu anaenda zake, tumbo lake sio lako.

@KiaziMviringo na wewe sasa. Huohuo mbaya kuliko wote, Amanita phalloides, kofia yake kwa kawaida ni kijani cha zeituni, ila kuna ya njano njano, na kuna mweupe pee. Mweupe kama shati la sare. Ukipita hapo kwenye "mweupe kula" umeondoka. Nusu ya kofia inatosha kuua mtu mzima.

Asili yake ni Ulaya. Ulisafiri kwenye udongo wa miche ya mialoni na mapaini ukafika Afrika Kusini na Tanzania pia umeripotiwa. Na msiwalaumu sana waliobeba huo udongo, kwa sababu mapaini nayo yanahitaji uyoga wake kwenye mizizi, yale yaliyopandwa Sao Hill asili yake Mexico, na sehemu nyingi za Afrika mapaini ya mwanzo yalidumaa mpaka udongo wenye nyuzi za uyoga ulipoletwa kutoka kwingine. Sasa ukibeba udongo huchagui nani apande gari.

Hapo ndo nina kisa changu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nafanya kibarua cha kupogolea matawi kwenye mapaini Mufindi. Jioni moja baada ya mvua nikakuta uyoga umejipanga chini ya miti, wa kimanjano cheupe, umenona, nikasema leo shangazi atanisifu maana kwao Ifunda wanakula uyoga mweupe wenye katikati kahawia, unafanana kabisa. Nikakata na kisu vizuri usawa wa ardhi nisibebe udongo, nikajaza sado nzima, Jumamosi asubuhi nimefika nao nyumbani kifua mbele. Shangazi alikuwa anapeta mahindi. Akaweka ungo chini, akachukua mmoja, akaugeuza, akaangalia kurasa za chini ya kofia, akaangalia pale kisu kilipopita, akarudisha kwenye sado. Akachukua wa pili. Akaniuliza, "Miguu iko wapi?"

Nikamwambia nimeacha huko, ina udongo. "Na mti?" Nikamwambia mapaini.

Hakusema ni sumu. Hakunigombeza hata. Alinyanyuka akaenda kumwaga sado nzima chooni, sio jalalani maana kuku wanapita jalalani, akaisugua ile sado kwa majivu, akarudi kwenye ungo wake. Baadaye sana usiku ndo akaniambia, "Siwezi kuwapikia watoto mtu ambaye sijamwona miguu."

Nilikuja kuelewa baadaye. Chini ya shina, ndani ya udongo, ule uyoga mbaya unakuwa na kikombe, kifuko fulani kama ganda la yai lililopasuka. Wazungu kwao sheria ni rahisi, ukiona kikombe kimbia. Kwetu haikai hivyo, kwa sababu kwenye miombo kuna wa kikombe ambao watu wanakula vizazi na vizazi, kama huo wa Amanita zambiana. Kwa hiyo shangazi anauangalia wote: kikombe kikoje, kimekaza au kimelegea, pete ya shinani ipo au imedondoka, unanukaje, umeota chini ya mti gani na mwezi gani. Mimi nilimletea sura tu. Kitambulisho nilikiacha porini.

DadaWaUyole

Ugonile wote. Nimecheka hapo kwa kuku 😂 shangazi anajali kuku kuliko wewe.

Mimi nalima uyoga mamama (wengine wanauita oyster) kwenye banda hapa Uyole na naunga mkono hoja ya sura. Mwaka wa kwanza nilipata uyoga wa ajabu, mashina marefu kama shingo ya twiga na vikofia vidogo kama kifuniko cha kalamu, mteja wa kwanza akakataa akasema sio mamama. Nikadhani nimeuziwa mbegu mbovu, nikamtukana aliyeniuzia (nilimwomba msamaha baadaye). Kumbe ni hewa. Banda nilikuwa nimelifunga sana nikiogopa baridi, uyoga nao unapumua kama sisi, hewa chafu ikajaa ndani basi uyoga unarefuka unatafuta pa kutokea na kofia haifunguki. Nilipotoboa madirisha mawili, mifuko ileile, mbegu zilezile, mabua yaleyale, awamu ya pili ikatoka mikofia mipana kama kiganja. Na ile iliyokaa pembeni penye mwanga ilikuwa na rangi ya kijivu, ya gizani imepauka.

KiaziMviringo

Nimefuta kauli ya mweupe kula. Ila nina swali, nina picha ya uyoga ambao juu ya kofia umebeba uyoga mwingine kichwa chini miguu juu. Mzee mmoja hapa kasema kuna mtu kafukiwa pale. Nifanyeje?

MwanaIfunda

Hahaha mkuu hakuna mtu aliyefukiwa. Hawa walikuwa majirani. Wakiwa bado vichanga chini ya majani walibanana kofia kwa kofia zikashikana, huyu mwenye nguvu alipoanza kunyanyuka akamng'oa mwenzake akapanda naye, ndo maana yule wa juu miguu iko hewani. Inatokea. Kuna na ambao unaota zile kurasa juu ya kofia badala ya chini, imepinda pinda kama kilemba cha jogoo, mabandani inatokea hasa pakifika moshi au mvuke wa mafuta ya taa, kwa hiyo dada wa Uyole jiko la mafuta weka mbali.

Na mtakutana na wale wenye sponji chini badala ya kurasa, ukiukata unageuka bluu mbele ya macho yako, mtu anaweza kutupa kisu akakimbia. Ni hewa tu imekutana na kemikali ya ndani, kama parachichi likikatwa linavyoingia weusi. Bluu haimaanishi sumu na kutokuwa bluu hakumaanishi chakula. Halafu uliokauka wa uleule haugeuki vizuri, unakata unasubiri wee hakuna kitu.

Ila kwa kubadilika sura bingwa ni ule mwekundu wa madoa meupe, wa kwenye katuni, nao unatembea na mapaini sehemu nyingi Afrika. Watoto wanafundishwa "mwekundu wenye madoa ni sumu". Sawa, lakini yale madoa hayajachorwa, ni vipande vya ganda ulilotokea, vimegandia tu juu. Mvua kubwa moja inayaosha yote. Unabaki na uyoga mwekundu au wa chungwa, safi, unang'aa, hauna doa hata moja. Mtoto atakwambia huu sio ule.

Dereva_Tunduma

Kijiko nimekiweka kabatini mkuu. Lakini niulize tofauti. Mtu akishakula, dalili si ataziona mapema akatapika?

MwanaIfunda

Ndo ubaya wake. Uyoga wa kuchafua tumbo tu mara nyingi unakusumbua ndani ya saa moja mbili tatu. Ule mbaya unakaa kimya, saa sita mpaka kumi na mbili, wakati mwingine karibu siku nzima, umeshalala, umeshasahau ulikula nini. Ndipo kutapika na kuharisha. Halafu unapata nafuu, siku moja hivi unajiona umepona na ndugu wanashukuru Mungu, kumbe ini linaharibika muda wote huo. Kwa hiyo mtu kala uyoga wa porini jioni akaanza kuharisha usiku wa manane au alfajiri, hospitali hapohapo, na mbebe mabaki ya uyoga hata maganda ya jalalani. Msisubiri nafuu.

Mtafuna_Karanga

Mkuu MwanaIfunda nimesoma uzi wote, mzuri. Ila nina neno. Umesema shangazi hatambui uyoga ambao hajauona miguu. Sasa wewe umeona PICHA ya beseni kwenye simu ukatuambia "ule wote ni uyoga mmoja". Miguu uliiona wapi?

DadaWaUyole

😂😂😂 Jibu hapo kaka.

KiaziMviringo

Naweka kiti.

MwanaIfunda

Nimekaa na hilo swali tangu jana wakuu, na sikutaka kujibu hovyo.

Wataalamu wenyewe hawa wa njano wamewasumbua. Zamani wa njano wa Afrika walikuwa wanaitwa tu kwa jina la yule wa Ulaya, Cantharellus cibarius, kisa wanafanana. Walipoangaliwa vizuri ikaonekana hapana, hawa ni wa kwetu na wako wengi. Mwaka 2012 Donatha Tibuhwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake wakatoa kundi moja la hawa wa Afrika wakalipa ukoo wake, Afrocantharellus, kisha wataalamu wengine wakalirudisha ndani ya ukoo wa zamani kama tawi. Uyoga umehamishwa ukoo na kurudishwa, na muda wote huo mama zetu wanaukaanga na karanga.

Basi leo mchana nimeenda kwa shangazi na ile picha. Nimemkuza sehemu moja moja maana macho yake siku hizi si mazuri. Kaishika simu mbali, kaisogeza karibu, kaniambia nigeuze. Nikamwambia shangazi picha haigeuki, nyuma ni simu. Akasonya.

Halafu akaweka kidole pale kona ya kushoto chini, kuna mmoja uliolala chali ambao sikuwa nimeuangalia kabisa, nilikuwa nahangaika na rangi za juu. Akasema, "Huyu ana mikunjo tu." Nikakuza tena. Kweli. Chini ya kofia wale wengine wana kurasa zilizosimama unaweza kuzihesabu, huyu mikunjo yake ni ya chini chini kama ngozi ya kiwiko, inashuka mpaka shinani. Akahangaika na simu akampata mwingine kama yeye katikati, amefunikwa nusu. "Hawa ni wadogo zake. Wanaota pamoja. Wanaliwa."

Kwa hiyo wakuu sio mmoja, ni wawili. Na wala sio watano. Yule mpauko kuliko wote, anayekaribia kuwa mweupe, huyo ni wisogolo kabisa kazeeka tu na jua limempiga. Na yule wa njano iliyokolea kama kiini cha yai, niliyewaambia ndo wisogolo mwenyewe, ndo mmoja wa wadogo zake.

Nimerudi kwenye grupu nimeandika hivyo hivyo nilivyoandika hapa. Mjomba wa Dar kajibu "si nilisema amechanganya". Nimelifanya kimya kwa wiki moja.

Shangazi kanitaka Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi niwe nimevaa gambuti, tunaenda kwenye mikusu. Kisu kasema niache nyumbani.